Viwanja vya Bath, Virginia, 1776–1799: uchambuzi wa kisa cha mji uliouzwa kwa sharti la kujenga

Kisa chenyewe

Mwishoni mwa 1776, miezi michache baada ya makoloni ya Marekani kujitangazia uhuru, Bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kuanzisha mji kando ya chemchemi za maji ya uvuguvugu katika kaunti ya Berkeley. Zilitengwa ekari 50, zipimwe viwanja vya robo ekari kila kimoja pamoja na barabara zake, kisha viwanja vipigwe mnada. Aliyenunua alifungwa na sharti: ajenge nyumba ya kuishi na kuimaliza ndani ya muda uliowekwa, la sivyo kiwanja kinamtoka. Mji ukapewa jina la Bath, kwa kuiga mji wa Uingereza uliosifika kwa mabafu yake. Siku hizi watu wanauita Berkeley Springs, nao uko West Virginia, lakini kwenye makaratasi ya serikali jina ni Bath mpaka leo.

Wanaoshughulika na upimaji na ugawaji wa viwanja watakiona kisa hiki si kigeni kwao. Masharti ya kuendeleza kiwanja tunayajua sote, na tunajua yanavyochezewa. Hapa tunaweza kuyafuatilia kwa zaidi ya miaka ishirini mikononi mwa mnunuzi mmoja aliyekuwa na tabia ya kuandika kila kitu: George Washington. Wanunuzi wa kawaida sikuwataja. Majina niliyoyabakiza ni ya watu wanaofahamika katika kumbukumbu za umma.

Usuli: maji, wagonjwa, na ardhi ya mtu mmoja

Chemchemi zinatoka chini ya mlima, na joto lake ni nyuzi 23 hivi za Selsiasi, masika na kiangazi. Mtu aliyezoea kuoga baharini Tanga au Mombasa angesema maji haya ni ya baridi. Kwa nchi ambayo mito yake huganda, yalitosha kuitwa ya moto na kupewa sifa ya dawa. Wenyeji wa asili wa Marekani waliyatumia kabla ya mlowezi yeyote kufika.

Upande wa umiliki hadithi ilianzia mbali sana na pale. Mwaka 1649 Charles wa Pili wa Uingereza, akiwa mfalme asiye na nchi, aliwazawadia wafuasi wake ardhi yote iliyo kati ya mito Potomac na Rappahannock. Zawadi hiyo ilirithiwa mpaka ikamfikia Thomas, Lord Fairfax wa sita. Kesi ya mipaka iliamuliwa London mwaka 1745 kwa manufaa yake, na eneo lake likahesabiwa kuwa zaidi ya ekari milioni 5. Waliokuwa wakioga katika chemchemi hizo tangu zamani hawakuulizwa neno.

Mwenye ardhi ya ukubwa huo anahitaji wapimaji. Machi 1748 kikosi cha upimaji cha Fairfax kilipita pale, na ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 16, Washington. Aliandika katika daftari lake kwamba siku hiyo walizitembelea chemchemi zenye sifa, na usiku wakalala nje.

Alirudi mwaka 1761, safari hii akiwa mgonjwa wa homa. Barua aliyoiandika kutoka pale ndiyo ushahidi bora kuliko wote wa tatizo ambalo mji ulikuja kulitatua. Alikuta watu wapatao 200, wanaume kwa wanawake, wenye maradhi ya kila namna. Malazi hayakupatikana kwa bei yoyote. Aliyetaka pa kulala ajijengee. Kama asingepata hema kutoka Winchester, anasema, hali yao ingekuwa mbaya mno. Akaongeza kwamba, kwa maoni yake, wengi waliumizwa na namna walivyolala kuliko walivyosaidiwa na maji.

Miaka kumi na mitano ilipita na hali ilikuwa ile ile. Kiangazi cha 1776 mhubiri wa Kimethodisti Francis Asbury alikaa pale kutafuta afya. Nyumba aliyopanga ilikuwa futi 20 kwa 16. Ndani yake mlikuwa na vitanda saba, watu kumi na sita, na watoto wenye kelele juu ya hao. Chukua kipimo hicho, ukigawe: kila mtu futi 20 za mraba, yaani nafasi ya mkeka na kidogo cha kupitia. Na huyo alikuwa amebahatika kupata paa.

Maamuzi ya Bunge

Sheria inaanza kwa kutaja lengo lake bila kuzunguka: kuwavutia wanunuzi wajenge nyumba zinazofaa kwa ajili ya wagonjwa wanaokwenda kwenye chemchemi kila mwaka. Kila kifungu kilichofuata tukipime kwa lengo hilo.

Kwanza, ardhi. Ekari 50 zilitajwa kuwa sehemu ya ardhi ya Lord Fairfax, au ya mtu mwingine yeyote aliyeipata kutoka kwake. Maneno hayo ya "au mwingine yeyote" yana mengi. Watunga sheria hawakutaka kusubiri kujua kama eneo hilo lilikuwa bado mikononi mwa Fairfax au limeshahamishwa, wakaandika fomula inayowafunga wote. Pia tukumbuke ilikuwa vita. Bunge la waasi lilikuwa linatunga sheria juu ya ardhi ya bwana wa Kiingereza, na bado likamtaja kwa cheo chake na kumtambua kuwa mwenye mali. Pale husimuliwa kwamba Fairfax ndiye aliyewazawadia watu maji. Maandishi ya sheria yanaonyesha Bunge likiyakabidhi.

Kuyakabidhi kwa nani? Kwa wadhamini zaidi ya kumi, wote waungwana wa eneo lile. Ukiyasoma majina yao unaona ukoo: Bryan Fairfax, ndugu wa Lord na rafiki wa Washington, Thomas Bryan Martin, mpwa wa Lord, Samuel Washington, mdogo wake George, Warner Washington, binamu yao. Hapakuwa na mgonjwa wala mwenye nyumba ya kupangisha. Sababu inaeleweka: mji ulihitaji watu wanaoweza kusimamia mnada, kuandika hati na kuaminiwa na mwenye ardhi. Ila ni watu wale wale waliokuwa mezani na wanunuzi wakubwa.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouona wa busara kuliko yote. Chemchemi zenyewe hazikuwekwa mnadani. Zilikabidhiwa kwa wadhamini kwa manufaa ya umma na si kwa kusudi jingine lolote, wakfu wa maji ndani ya mji wa biashara. Ingekuwa rahisi sana kuuza kiwanja kimoja cha robo ekari chenye chemchemi ndani yake kwa bei ya viwanja hamsini.

Mwisho ni sharti la kujenga, ambalo nitalirudia kwa urefu.

Mfululizo wa matukio

Mnada ulifanyika Agosti 1777. Nyakati hizo Washington alikuwa amiri jeshi mkuu wa waasi, wiki chache tu kabla ya mapigano ya Brandywine dhidi ya Waingereza, kwa hiyo hakuwapo mnadani. Hata hivyo jina lake liliandikwa kwenye viwanja viwili vilivyopakana, namba 58 na 59. Kumbukumbu yake ya baadaye inasema vilimgharimu kati ya pauni 50 na 60. Katika wenye viwanja wa mwanzo wamo pia Jenerali Horatio Gates na Charles Carroll wa Maryland, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru. Kwa ufupi, waliofika bei walikuwa watu wenye makazi mazuri kwingine.

Vita viliendelea. Fairfax alifariki Desemba 1781. Muda wa kujenga ukapita, ukaongezwa. Kwa miaka saba kiwanja 58 na 59 havikuwa na chochote cha maana juu yake, na bado vilikuwa vya Washington.

Tarehe 5 Septemba 1784 aliwasili Bath, siku ya tano tangu aondoke nyumbani kwake Mount Vernon. Alikuwa njiani kwenda ng'ambo ya milima kukagua ardhi zake za magharibi. Mjini kulikuwa na nyumba ya wageni iliyosimamiwa na fundi mmoja mwenye vipaji vingi, James Rumsey, kwa ushirikiano na mwenzake. Rumsey alimwonyesha mfano wa mashua aliyoibuni, ambayo ilipanda mto dhidi ya mkondo kwa mitambo. Washington, ambaye kwa miaka mingi alitamani mto Potomac ufunguliwe kwa usafiri, alivutiwa mpaka akampa cheti cha kuthibitisha alichokiona.

Siku zile zile alimpa kandarasi ya nyumba. Maelezo yake katika shajara ni ya mtu anayejua ujenzi. Nyumba kubwa iwe futi 36 kwa 24, yenye baraza ya futi 7 mbele na nyuma kwa urefu wote. Chini yake pachimbwe ghala la ukubwa wa nusu ya nyumba, kuta za mawe. Chini vyumba vitatu: kimoja cha futi 24 kwa 20, viwili vya futi 12 kwa 16 vyenye meko za kona. Juu vyumba viwili vya ukubwa sawa, navyo vina meko. Ngazi ipandie barazani, isile nafasi ya ndani. Jiko na banda la farasi viwe vya ukubwa mmoja, futi 18 kwa 22, na banda lizamishwe ardhini ili sakafu ya juu yake ilingane na ua. Kazi yote imalizike kufikia tarehe 10 Julai 1785.

Tarehe hiyo haikuja kwa bahati. Washington alijua kwamba muda ulioongezwa ulikuwa unakaribia kwisha, na asipojenga viwanja vitamtoka.

Mei 1785 kampuni ya kufungua mto, Potomac Company, ilimchagua Washington kuwa rais wake. Julai 1785, mwezi ule ule wa kukabidhi nyumba, kampuni hiyo ilimwajiri Rumsey kuwa msimamizi wa kazi za mtoni. Aliacha kazi hiyo mwaka uliofuata, akajitosa katika mashua ya mvuke aliyoionyesha hadharani Shepherdstown tarehe 3 Desemba 1787, na akafia London mwaka 1792.

Matokeo

Julai 1799, miezi mitano kabla ya kufariki, Washington aliandika wosia na kuuambatanisha na orodha ya mali zake. Viwanja viwili vya Bath vimo. Anaeleza kwamba viko mahali pazuri na vina majengo yaliyogharimu pauni 150, akavithamini kwa jumla ya dola 800. Katika maelezo ya chini anakiri waziwazi: hajui kama mali pale imepanda au imeshuka thamani, wala nyumba zimo katika hali gani.

Upande wa mji wenyewe, Bath uliishi. Ulikuwa maarufu katika miaka ya 1780, na mwaka 1820 ukawa makao makuu ya kaunti mpya ya Morgan. Maji hayakuuzwa kamwe. Leo chemchemi zimo ndani ya hifadhi ya jimbo katikati ya mji, na yeyote anaweza kwenda na madumu yake kuchota bure.

Uchambuzi

Nianze na kilichofaulu, kwa sababu kina maelezo mafupi. Kuitenga chemchemi isiwe mali ya mtu kulihifadhi thamani ya viwanja vyote vingine. Mwenye kiwanja cha pembeni na mwenye kiwanja cha mbele wote walikuwa na njia ile ile ya kufika kwenye maji. Kiwanja cha robo ekari bila maji ni kiwanja tu milimani. Ndiyo kusema Bunge lilikuwa linauza ukaribu, na chemchemi zikabaki chanzo cha thamani hiyo. Lugha ya kifungu nayo ilisaidia: "na si kwa kusudi jingine lolote" haimwachii mdhamini mwanya wa kukodisha "kwa muda". Nimeona mipango miji mingi yenye eneo la wazi lililoandikwa "matumizi ya umma" bila kufungwa hivyo, na miaka michache baadaye pana kituo cha mafuta.

Robo ekari nayo ilikuwa kipimo sahihi. Ekari 50 haziwezi kutoa zaidi ya viwanja 200 hata kabla ya kuondoa barabara, kwa hiyo mji ulibanana na kila mgonjwa angeweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye maji. Kwa mtu aliyeletwa kwa gari la farasi kwa sababu ya baridi yabisi, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa sharti la kujenga. Tatizo lilikuwa vitanda. Sharti lilidai nyumba. Vitu hivi viwili vinafanana kwenye karatasi, lakini hakuna kifungu kilichomtaka mnunuzi apangishe, au afungue nyumba yake msimu unapofika, au apokee mgeni asiyemjua. Nyumba ya Washington ilivyochorwa ilikuwa ya familia ya kitajiri kuja kupumzika: chumba kikubwa cha kupokelea wageni, baraza mbili, sehemu ya gari na matandiko ya farasi. Mtu kama Asbury na wenzake kumi na watano wasingepata nafasi humo. Kwa mujibu wa sheria, hata hivyo, ingetimiza sharti kikamilifu. Vitanda halisi vya wageni vilitolewa na watu kama Rumsey waliofungua nyumba za wageni kwa biashara, na hao wangejenga hata bila sharti, kwa kuwa walikuwa na cha kupata.

Mnada wa bei ya juu uliongeza tatizo hili. Mchanganyiko wa "bei bora" na "jenga upesi" unawavuta watu wawili tofauti: bei inamvuta mwenye fedha, ujenzi unamhitaji mwenye muda. Mwaka 1777 mwenye fedha alikuwa vitani au bungeni. Wadhamini, ndugu na marafiki wa wanunuzi, wasingemnyang'anya kiwanja amiri jeshi mkuu katikati ya vita, na sidhani kuna anayewalaumu. Lakini adhabu isiyoweza kutolewa kwa mnunuzi mkubwa inakuwa ngumu kuitoa kwa mdogo, na muda ukiongezwa kwa mmoja unaongezwa kwa wote. Miaka saba ya viwanja vitupu ndiyo bei yake.

Hata hivyo sharti halikuwa bure kabisa. Bila tarehe ya kupoteza kiwanja, nina shaka kama Washington angetoa kandarasi yoyote mwaka 1784. Tishio lilifanya kazi lilipokaribia, hata kama halikuwahi kutekelezwa.

Tuje kwa mnunuzi mwenyewe. Alikosea wapi? Michoro ilikuwa mizuri, tarehe ilikuwa wazi, fundi alikuwa hodari. Kasoro ni kwamba alimpenda fundi kwa sababu nyingine. Rumsey aliyemvutia ni Rumsey wa mashua. Rumsey aliyepewa nyumba ni mtu aliyekuwa na nyumba ya wageni, uvumbuzi na ndoto ya kupata haki ya kipekee kutoka kwa mabunge. Kisha kampuni ambayo Washington ndiye aliyekuwa rais wake ikamchukua fundi huyo huyo mwezi wa kukabidhi kazi. Mwenye nyumba alijinyang'anya mjenzi wake mwenyewe. Kwa upande wa taifa na mto huenda ulikuwa uamuzi mzuri. Kwa kiwanja 58 na 59 haukuwa.

Hesabu inaeleza kwa nini hakujali. Pauni ya Virginia ilihesabiwa kuwa dola 3.33. Viwanja na majengo vilimgharimu pauni 200 hadi 210, yaani dola 667 hadi 700. Baada ya miaka 22 yeye mwenyewe alivithamini dola 800, na hilo ni kadirio la mtu anayekiri kuwa hajaviona. Hapo sijagusa suala la fedha za karatasi za 1777, ambazo tayari zilikuwa zinashuka, kwa hiyo faida hiyo ya dola mia na ushee isichukuliwe kwa uzito. Mali yote katika orodha ile aliikadiria kuwa dola 530,000. Bath ilikuwa chini ya sehemu moja kwa mia tano. Mtu hapandi farasi siku tano kukagua paa la mali ya namna hiyo.

Alichokosa ni mkazi wa Bath mwenye mamlaka ya kukagua, kulipa na kupangisha. Lakini linganisha na kilichompata wiki mbili baada ya kuondoka Bath mwaka ule wa 1784. Huko Miller's Run, magharibi mwa Pennsylvania, alikuta familia zimejenga na kulima kwenye ardhi aliyodai ni yake, nazo zikakataa kumtambua. Ilimbidi aende mahakamani, akashinda mwaka 1786. Zile zilikuwa ekari karibu 3,000, na wenye majembe walikuwa wamekaa juu yake. Bath alikuwa na nusu ekari yenye namba kwenye ramani ya mji, majirani wenye namba zao pande zote, na wadhamini waliomjua kwa jina. Hakuwapo kwa miaka saba mfululizo, kisha tena miaka mingine, na viwanja 58 na 59 vilikuwa bado vyake alipoandika orodha ya 1799.